Mgongo wa Ndege

Watoto wa kwingine wakisikia mlio wa ndege huinua vichwa. Watoto wa Mtae huinama. Kijiji chao kimekaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla, na chini yake, mbali sana, inaanza nyika ya Mkomazi inayokwenda hadi Kenya. Ndege kubwa za masafa marefu hupita juu mno, uzi mweupe tu ambao hakuna anayejishughulisha nao. Ila ndege ndogo, za watalii na za watu wanaohesabu tembo, hupita chini ya kijiji. Mtu anasimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, anaitazama ndege mgongoni, nayo inakwenda taratibu huku kivuli chake kikikimbia juu ya majani makavu huko bondeni. Msomaji wa mjini atasema natia chumvi. Aje Mtae, nauli atajilipia mwenyewe.

Ukitaka kumjua Rahabu, yule fundi cherehani wa karibu na kanisa, lazima uanzie hapo. Alizaliwa Mtae miaka sitini na miwili iliyopita, akachunga mbuzi wa baba yake pale pale ukingoni, na siku nzima ikapita hana cha kutazama ila nyika. Akajifunza kukitafuta kivuli kwanza. Ukikiona kivuli kinakata mbuga, ndege yenyewe haiko mbali, juu yake kidogo, imetandaza mabawa na kukupa mgongo. Alijua ndege ina mgongo, ina mkia, na rangi zake hung'aa jua likiwa la asubuhi. Hakujua kwamba ina tumbo. Hakuwahi hata kuliwaza, kama wewe usivyowahi kuuwaza uvungu wa meza ya mchungaji.

Mbuzi wengi walipotea kwa sababu hiyo, na baba yake aliwahi kumchapa mara mbili kwa ajili ya ndege moja. Hakukoma. Kuna watu wanaoota wakilala, na kuna Rahabu. Alipoolewa na Clemence, mkulima wa viazi na maharage, akahamia na ndoto zake nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alipopata cherehani ya kukanyaga, ndoto zikapata injini. Mguu ukishakolea, cherehani ikianza kuimba kwa sauti ile moja isiyopanda wala kushuka, macho yake hubaki kwenye pindo na yeye mwenyewe huwa hayupo. Majoho ya kwaya ya Mtae yana mikono mipana kuliko ya usharika wowote wa milimani. Mwalimu wa kwaya alipouliza sababu, Rahabu alisema ni kwa ajili ya hewa. Ukweli ni kwamba alikuwa anawaza mabawa, na alipozinduka kitambaa kilikuwa kimeshakatwa.

Simu ndiyo iliyomfungulia dunia. Miaka tisa iliyopita kijana Nassoro alipanga chumba kilichopakana na chake cha kushonea, akaweka meza, bisibisi zake na kibao cha fundi simu. Nassoro naye alikuwa mgonjwa wa ndege, ingawa hajawahi kupanda hata moja. Bando lake lote liliishia kwenye video za maonyesho ya angani, yale ya nchi za watu ambako umati hujaa uwanjani siku nzima kutazama marubani wakizichezesha ndege. Siku moja akamwita jirani yake.

“Mama Beatha, hebu njoo uone kitu.”

Rahabu akaja na sindano mdomoni. Kwenye simu kulikuwa na ndege ndogo nyekundu inakuja moja kwa moja, ikapita juu ya vichwa vya watu, na aliyekuwa anaipiga picha alikuwa amesimama chini, kama watu wote wa dunia hii wasiozaliwa Mtae.

Rahabu akaitoa sindano. “Nassoro, hiyo ndege imepinduka.”

“Haijapinduka, mama.”

“Imepinduka. Si naona chini yake? Na watu wamo humo.”

“Ndivyo inavyokaa, mama. Hilo ni tumbo lake.”

Rahabu alikuwa bado anatikisa kichwa pale rubani alipoibiringisha kweli ndege yake, tumbo likaelekea mbinguni, na mgongo ukaonekana wote, na mistari yake na kioo cha rubani. Rahabu akashusha pumzi. “Afadhali,” akasema. “Sasa imekaa sawa.”

Nassoro aliweka bisibisi chini ili acheke vizuri. Wakacheka na waliokuwa wanasubiri simu zao, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari. Mpaka leo akipita sokoni kuna watu wazima wanaomwita Mama Imekaa Sawa, naye huitika bila kinyongo. Kwake yeye wao ndio wanaopaswa kujieleza. Ndege inayokuonyesha uvungu wake ina adabu gani?

Tangu siku hiyo alasiri za Jumamosi zikawa zao. Rahabu hufunika cherehani kwa kitenge, huingia kwa Nassoro na kigoda chake, na wengine wawili watatu hujisogeza na matunda ya kula. Waliona ndege tisa zikiruka bawa kwa bawa na kumwaga moshi wa rangi nyuma yao. Waliona ndege za kivita zikisimama kwa mkia, na ukungu mweupe ukiruka ghafla juu ya mabawa yao kisha ukatoweka. Waliona mzee mmoja wa masharubu meupe akirusha ndege ya mbao yenye mabawa ya ghorofa mbili, amekaa nje nje, upepo wote usoni. Rahabu hakupenda zile za kivita. Alisema zina hasira, na mtu mwenye hasira hachezi. Alizopenda ni zile ndogo za polepole, na katika hizo alikuwa na mchezo wake mmoja. Ndege inapanda wima, inapanda, inapanda, mlio unazidi kupungua, mpaka inafika mahali nguvu zimeisha na inasimama. Inasimama kweli, angani, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichofuata. Halafu inalala ubavu taratibu na kuanza kurudi chini.

“Rudisha hapo,” Rahabu husema.

Nassoro hurudisha. Ndege hupanda tena, husimama tena. Mguu wa Rahabu nao, ambao umezoea kukanyaga, huacha kutikisika. Walioko pale wamezoea, hawaulizi. Siku nyingine atairudisha mara kumi na mbili, na kila mara uso wake ni ule ule wa mtu anayesikiliza jina lake likiitwa kutoka mbali.

Clemence hakuwahi kuingia kwenye chumba kile. Ni mtu wa maneno machache na yote yana udongo. Alasiri za Jumamosi alikaa nje barazani, mgongo kwenye ukuta wa chumba kile kile, akichambua mbegu za maharage, na akipita mtu wa kumtania kwamba mkewe ametekwa na ndege, alijibu vile vile siku zote. “Mtu akiruka namna hiyo hapa kwetu baada ya kunywa pombe ya miwa, tunamfunga kamba.” Kisha huendelea na mbegu zake.

Halafu yakaja macho.

Alianza kukosa tundu la sindano, akaona ni umri. Akaanza kugonga mlango kwa bega la kulia, akaona ni haraka zake. Alipopelekwa hospitali Lushoto, daktari alimweleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, na kwamba imekaa muda mrefu bila kuhisiwa. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na kipande cha katikati tu. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, isingeyarudisha. Rahabu aliuliza itachelewesha kwa muda gani, daktari akasema hiyo hawezi kuahidi.

Alilia mara moja, nyuma ya nyumba, penye kuni, ili Clemence asimwone. Clemence alimwona. Baada ya hapo akarudi kwenye cherehani, maana vidole vyake vilijua kazi bila kuuliza macho. Alimweleza Nassoro hali yake kwa lugha ya ufundi wake: ni kama kuitazama dunia kupitia tundu la kifungo. Simu inaingia yote ndani ya tundu, ndiyo maana video bado anaziona vizuri. Lakini nyika, mwanangu, nyika haiingii. Kivuli kinapita, wenzangu wanainama, mimi nabaki nakitafuta mpaka kimekwisha.

“Nimeona ndege mia kwenye simu yako,” akamwambia. “Nataka kuona moja tu ikicheza kweli, kwa jicho langu hili, kabla tundu halijazibika. Nikishaiona hiyo sitasumbua mtu.”

Nassoro hakuwa na ndege. Alikuwa na simu, na kwenye simu alikuwa na kundi la wapenda ndege wa Tanzania nzima, watu wa kupiga picha viwanjani na kubishana kuhusu injini mpaka wanatoana kundini. Akaandika humo habari yote ya jirani yake: mgongo, tumbo, imekaa sawa, na tundu la kifungo. Akaweka simu chini, akaendelea na kazi. Kesho yake kulikuwa na ujumbe wa sauti.

“Shikamoo mama. Mimi naitwa Sabra, ni rubani, niko Moshi. Nimecheka mpaka nimelia, halafu nikalia bila kucheka. Wenzangu wameniambia huko kwenu mtu anasalimiwa onga mshi. Basi onga mshi, mama.”

Rahabu aliusikiliza ujumbe ule amesimama. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya mtu wa kama miaka thelathini na kitu, yenye vumbi kidogo. Akaomba Nassoro aurudie. Halafu akajibu marahaba, na salamu ya Kishambaa akaijibu kwa Kishambaa, akauliza habari za wazazi, na mwisho akauliza kama ni kweli kwamba ndege za maonyesho hupambwa tumboni.

Ni kweli, alisema Sabra. Watazamaji wote wako chini, kwa hiyo nyota na rangi huwekwa tumboni. Ila yeye na wenzake wawili wana ndege ndogo ya michezo, kuukuu, waliyoinunua kwa kuchanga, na aliyeipaka rangi zamani alikuwa na yake kichwani: tumbo aliliacha jeupe tupu, mgongoni na juu ya mabawa akachora miale myekundu kama jua linachomoza. “Mama, hakuna aliyewahi kuuona huo mgongo vizuri ikiwa angani. Labda mwewe.”

“Basi mimi ndiye mtazamaji wake,” akasema Rahabu.

Ikaanza hivyo. Ujumbe ukaenda ukarudi wiki nyingi. Sabra alikuwa na safari ya kuipeleka ndege ile Tanga mwezi wa pili. Akaomba kibali, akakipata: angeweza kupita mbele ya ukingo wa Mtae, juu ya pori, mbali na nyumba za watu, chini kidogo ya usawa wa kijiji, na kucheza hapo dakika kumi. Zaidi ya hizo mafuta yasingetosha. Na ule mchezo wa kupanda na kusimama angeuweka mwisho, kama nyama inavyobakishwa sahanini. Tatizo lilikuwa moja. Ukingo ni mrefu, miamba yote inafanana, na akiwa hewani simu yake haitapatikana. Angejuaje mtazamaji wake amekaa wapi?

“Nitakutandikia,” akasema Rahabu.

Alikuwa na gunia tatu za vipande vilivyobaki kwenye majoho ya kwaya, vya njano na vya damu ya mzee, vya miaka thelathini. Akaviunga. Alikuwa anapapasa kipande kwa kidole, anakipanga, anakanyaga, na mbele yake ukutani, ambako haoni ila giza na mwanga mdogo katikati, miale myekundu ilikuwa inageuka taratibu. Clemence aliporudi shambani alikuta shuka limeshuka kutoka kwenye cherehani, limepita mlangoni, limefika barazani kwake. Akalikunja pembeni apate pa kukaa.

“Hili ni la kumfunika nani?” akauliza.

“Mwamba.”

“Ana baridi?”

Rahabu akacheka. Siku zile alicheka kwa urahisi, kama msichana aliyechumbiwa.

“Nisipoliona hilo shuka, mama,” alisema Sabra kwenye ujumbe wa mwisho, “nitajua hamkuweza kuja. Sitazunguka zunguka mlimani, nitapita zangu. Jumamosi, saa nne.”

Mwezi wa pili siyo mwezi wa ukungu, lakini ukungu wa Mtae hausomi kalenda. Jumamosi ile kulikucha kweupe, na si kweupe kwa jua. Ukungu ulikuwa umeukalia mlima, mzito, unaingia madirishani. Watu walioamka mapema kuja kwenye mwamba walisimama wakiongea kwa sauti ndogo, mtu hamwoni aliye hatua kumi mbele. Shuka lilikuwa limetandikwa toka saa moja. Ukisimama upande mmoja huuoni upande wa pili. Saa tatu Nassoro alipiga simu ya Sabra, haikupatikana, na maana yake ilikuwa moja tu. Ameshapaa.

Rahabu alikaa kwenye kigoda chake akiwa amevaa gauni la Pasaka. Hakulalamika. Alisema, “Basi, tumwache apite,” kwa sauti ya kawaida kabisa, na Nassoro, aliyekuwa karibu, aliona anakunja na kukunjua pindo la gauni, kukunja na kukunjua. Rahabu ilimuuma sana. Kwa watu wale wengine ilikuwa Jumamosi iliyoharibika. Yeye alijua miezi miwili mbele tundu litakuwa dogo zaidi, na ndege nyingine ya kupita kwa ajili yake haipo.

Ndipo Clemence alipotokea kwenye ukungu, jembe begani, miguu imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwenye shamba lake la chini, lile lililoko kwenye njia ya kushukia nyika.

“Huku juu ndiko kumefunga,” akasema. “Kule kwenye maharage ni kweupe. Nyika yote inaonekana.”

Njia ile wanaishuka vijana wenye mizigo ya kupeleka gulio la bondeni, na wengine wao hutelezea makalio. Clemence alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akaweka jembe chini, akaanza kulikunja shuka.

“Vaa viatu vya shamba,” akasema. “Hivyo vya kanisani vitakuangusha.”

“Baba Beatha, mimi sioni njia.”

“Kwani nani anaiona leo?”

Wakashuka. Clemence mbele na shuka begani, Rahabu nyuma yake amemshika mkanda wa suruali, Nassoro mwisho akishikilia ncha ya shuka isiburuze. Ukungu ulikuwa umekaa usoni kama kitambaa kibichi. Clemence hakuongea ila kutaja njia: jiwe, mzizi, teremka, jiwe tena, maji hapa. Rahabu alikanyaga anapoambiwa. Kwa muda mrefu hapakuwa na dunia nyingine ila sauti ile na mkanda ule, na moyo wake ulienda mbio kwa woga na kwa furaha, hakuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Walipoupita mwamba mmoja unaotiririsha maji, mwanga ukabadilika. Hatua tatu nne, na ukungu ukabaki juu yao kama dari. Mbele palikuwa na nyika nzima, yenye jua.

Mteremko ule wote hauna mahali pa kutandika hata leso. Sehemu ya tambarare ni moja tu, nayo ni tuta pana la Clemence, na maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Nassoro alisimama na ncha yake ya shuka mkononi, hajui afanye nini.

“Tandika,” akasema Clemence.

“Juu ya maharage, mzee?”

“Yatainuka.”

Wakatandika. Maharage yakalala chini ya njano na damu ya mzee, na kila mkulima anajua kwamba maharage yenye maua hayainuki. Clemence akaenda kusimama nyuma ya mkewe, na hapo hapo mlio ukasikika.

“Iko wapi?” akauliza Rahabu. Alikuwa ameshaanza kutafuta, anageuza kichwa huku na huku, jicho lake dogo linaruka juu ya nyika tupu. “Baba Beatha, iko wapi?”

Clemence akakishika kichwa cha mkewe kwa mikono miwili, masikioni, viganja vikiwa bado na udongo, akakigeuza kushoto taratibu, akakiinua kidogo. “Hapo.”

Ikaingia kwenye tundu. Ndogo, nyeupe, inakuja. Ilikuja ikikua, ikapita mbele yao, na mikono ya Clemence ikamgeuza nayo, na Rahabu akaona magurudumu mawili, doa la oili, na weupe mtupu.

Walikuwa wameshuka mno. Sabra alikuwa palepale alipoahidi, chini kidogo ya kijiji, na sasa pale ni juu ya vichwa vyao. Rahabu alikuwa anatazama tumbo, kama mtazamaji yeyote wa popote. Wiki zote zile, gunia tatu za vitambaa, na amekuja kuona uvungu.

“Ameliona shuka,” akasema Nassoro. “Amegeuka. Anarudi.”

Mikono ikamgeuza kulia. Ndege ikaingia tena kwenye tundu, safari hii karibu zaidi, polepole zaidi. Nadhani Sabra aliona shuka liko chini yake badala ya kuwa juu, akamwona na mama mwenye gauni la Pasaka amesimama pembeni, akaelewa. Bawa moja likashuka. La pili likapanda. Ndege ikabiringika taratibu kama mtu anayegeuka kitandani, tumbo likaenda mbinguni, na mgongo wote ukashuka mbele ya jicho la Rahabu: miale myekundu kutoka katikati mpaka kwenye ncha za mabawa, kioo kinang'aa, na ndani ya kioo mtu ananing'inia kichwa chini, mkono mmoja juu, unapunga.

Ilibaki hivyo, imelala chali hewani, mpaka ikaupita mteremko wote.

“Sasa imekaa sawa,” akasema Rahabu.

Hakuisema kwa sauti, lakini Clemence aliisikia viganjani. Sabra alirudi mara mbili nyingine, zote chali. Akachora duara kubwa, kutoka chini kwenda juu na kurudi, na mikono ya Clemence ikalichora duara lile kwa kichwa cha mkewe, hakuna mahali ndege ilipotoka nje ya tundu. Machozi yalimtoka Rahabu na hakuyafuta, maana angelazimika kufumba jicho. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kutanda hata juu ya nyika sasa. Hapakuwa na nafasi ya kupanda wima. Dakika kumi zikaisha. Ndege ikatikisa mabawa, ikaelekea Tanga, ikawa nukta.

Mlio ukafifia. Yakabaki maji yanayotiririka mwambani na mbuzi wa mtu fulani bondeni. Mikono ya Clemence haikutoka. Ilikuwa bado inamgeuza kichwa, polepole, kama inafuata kitu.

“Bado ipo?” akauliza Rahabu.

“Bado ipo,” akasema Clemence. “Ilikwenda upande wa Kenya, imegeuka. Inarudi kama mtu aliyesahau jembe nyumbani.”

Rahabu masikio yake yalikuwa mazima. Mbele ya jicho lake palikuwa na anga tupu.

“Sasa inafanya nini?”

Clemence akatafuta maneno ambayo hajawahi kuyatumia. Kisha akakiinua kichwa cha mkewe taratibu, kidevu kikielekea juu.

“Sasa inapanda,” akasema. “Imesimama wima, inapanda. Inapanda, inapanda. Mlio umepungua. Haya, imefika juu, imesimama. Ile yako unayoipenda.”

Rahabu hakuwahi kumwambia anapenda ipi. Aliwaza ule ukuta wa chumba cha Nassoro, na upande wa pili wa ukuta ile baraza, na zile alasiri zote za kuchambua mbegu. Akaegemeza kisogo kifuani mwa mumewe, jicho likiwa juu.

“Rudisha hapo,” akasema.

Clemence akakishusha kichwa cha mkewe chini kidogo, akaanza kukipandisha tena.